Landkreis si mji wala mkoa: Lüchow-Dannenberg, wilaya ya Kijerumani iliyochongwa na mipaka

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira na uhamiaji mjini Berlin, Septemba 2024, vijana wanaojifunza Kijerumani wamekuwa wakikutana na neno Landkreis kila wanapogeuka. Limo kwenye mikataba ya mafunzo ya uuguzi, limo kwenye barua za ofisi za wageni, limo kwenye fomu za leseni ya udereva. Majibu yanayotolewa vijiweni na kwenye makundi ya simu yanapingana. Huyu anasema ni mji, yule anasema ni mkoa, mwingine anashikilia kuwa ni aina ya manispaa. Wote wamekosea, ingawa kila mmoja ameshika ncha ya ukweli.

Njia nyepesi ni kuichukua Landkreis moja na kuikagua kuanzia udongo wake hadi ofisi zake. Nimechagua Lüchow-Dannenberg, iliyoko pembe ya kaskazini-mashariki ya jimbo la Niedersachsen. Ndiyo yenye watu wachache kuliko Landkreis zote za Ujerumani. Na ndiyo ambayo kijiji chake kimoja, Gorleben, kilitikisa siasa za nchi nzima kwa zaidi ya miaka arobaini. Mambo hayo mawili hayakukutana kwa bahati: yote yametokana na kukaa pembezoni, na pembezo hizo zilichorwa na watu.

Ngazi za utawala

Ujerumani ni shirikisho la majimbo 16. Kila jimbo lina bunge lake, polisi wake na walimu wake. Chini ya jimbo kuna wilaya, na hapo ndipo Landkreis ilipo: ni eneo la vijiji na miji midogo vilivyowekwa pamoja ili vifanye kazi ambazo kimoja peke yake kisingeziweza. Nchi nzima ina Landkreis 294. Miji mikubwa kama Köln au Leipzig haimo ndani yake. Hiyo hujiendesha yenyewe katika ngazi hiyohiyo, nayo ni 106. Chini kabisa kuna Gemeinde, yaani serikali ya mji mdogo au kijiji. Ukisikia watu wa Nordrhein-Westfalen au Schleswig-Holstein wanasema Kreis tu, wanazungumzia kitu kilekile.

Kwa hiyo Landkreis si mji, ila miji imo ndani yake. Lüchow-Dannenberg ina mitano: Lüchow, Dannenberg, Hitzacker, Wustrow na Schnackenburg. Usidanganyike na neno mji. Schnackenburg ina wakazi mia kadhaa tu. Ilipata hadhi hiyo zamani sana na hakuna aliyejisumbua kuivua. Kwa kuwa vijiji ni vidogo mno, vimejikusanya katika miungano mitatu iitwayo Samtgemeinde, kila mmoja ukiwa na ofisi moja ya pamoja: Elbtalaue, Gartow na Lüchow. Mgeni huiona ngazi hii ya ziada kama usumbufu, lakini bila hiyo kijiji cha watu mia mbili kingelazimika kuajiri karani, mhasibu na msajili wake.

Mtanzania akisoma haya atafikiria halmashauri ya wilaya, na hayuko mbali. Tofauti iko kwa mkuu wake. Landrat, mkuu wa Landkreis, hateuliwi na rais wala na chansela. Niedersachsen wananchi humpigia kura moja kwa moja, na baraza la wilaya, Kreistag, huchaguliwa kila miaka mitano. Polisi hawamtii yeye. Ni wa jimbo. Mkenya naye atafikiria kaunti, lakini kaunti ina bunge linalotunga sheria na ina mgao wake uliowekwa na katiba. Landkreis haina ubavu huo. Sehemu kubwa ya fedha zake hutoka jimboni na kwenye mchango inaoutoza miji na vijiji vyake vyenyewe, jambo linaloleta ugomvi wa bajeti karibu kila mwaka.

Uwezo wake wa kisiasa basi ni mdogo, lakini mkono wake unafika jikoni. Taka zako hukusanywa kwa utaratibu wake. Majengo ya sekondari, mabasi ya wanafunzi, ustawi wa watoto, vibali vya kujenga, namba za magari, mipango ya maafa na ofisi ya wageni, vyote viko chini yake.

Ardhi iliyoachwa na barafu

Lüchow-Dannenberg ina kilomita za mraba zipatazo 1,220 na watu wasiozidi 50,000. Kwa kulinganisha, Mkoa wa Dar es Salaam una kilomita za mraba 1,393, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 5.3. Wastani wa Ujerumani nzima ni zaidi ya watu 230 kwa kilomita ya mraba. Hapa ni takriban 40. Anayedhani Ulaya yote imejaa lami na maghorofa angefaa aanzie safari yake huku. Barabara kuu ya mwendo kasi, Autobahn, haipiti ndani ya wilaya hii hata kidogo.

Umbo la nchi ni kazi ya barafu za kale. Magharibi kuna vilima vya Drawehn, ambavyo kwa hakika ni malundo ya mchanga na mawe yaliyosukumwa na barafu kutoka Skandinavia. Kilele chake, Hoher Mechtin, hakizidi mita 142. Katikati kuna nyanda za chini zenye maji karibu na uso wa ardhi, zinazopitiwa na mto Jeetzel. Kaskazini na mashariki kuna mto Elbe wenye kingo pana za majani, korongo weupe na mafuriko. Udongo wa juu mahali pengi ni mchanga mwepesi, unaofaa kwa viazi na misonobari. Msitu wa misonobari juu ya mchanga mkavu huwaka kama karatasi, na mwezi Agosti 1975 moto mkubwa uliteketeza eneo la karibu na Trebel. Sehemu ya ardhi ile haikupandwa miti tena, ikaachwa kuwa uwanda wa vichaka uitwao Nemitzer Heide, ambao leo watalii huenda kuutazama wakidhani umekuwapo tangu zamani.

Chini ya yote hayo kuna chumvi, matabaka mazito yaliyobaki baada ya bahari ya kale kukauka, ambayo polepole yalipanda juu na kuwa kama nguzo nene ardhini. Ikumbuke chumvi hii, na pia barafu.

Waslavi, mabwana na herufi DAN

Watu wengi, Wajerumani wenyewe wakiwemo, hudhani kijiji cha Kijerumani kimekaliwa na Wajerumani tangu mwanzo wa dunia. Lüchow-Dannenberg inaikana dhana hiyo kila penye kibao cha barabarani. Lüchow, Wustrow, Satemin: hayo ni majina ya Kislavi. Waslavi waliokuwa wakiishi hapa Wajerumani waliwaita Wawendi, na hadi leo wenyeji huliita eneo lao Wendland kuliko kutumia jina refu la kiserikali.

Karne ya 12 mabwana wa Kijerumani walipojiimarisha upande huu wa Elbe, waliwaacha Wawendi wakae na kulima, na ndipo vilipoenea vijiji vya duara viitwavyo Rundling. Nyumba kubwa za mbao, zenye watu, ng'ombe na nyasi chini ya paa moja, zimezunguka uwanja wa katikati na kuugeuzia uso. Nyuma ya kila nyumba kiwanja hupanuka kadiri kinavyokwenda mbali, kama vipande vya chungwa lililokatwa. Zamani njia ya kuingilia ilikuwa moja tu. Vijiji vya namna hii vilikuwapo sehemu nyingine pia, lakini huko vilijengwa upya, vikapanuliwa, vikapotea umbo. Wendland vilibaki kwa sababu fedha za kuvibomoa hazikuwapo. Katika kijiji cha Lübeln kuna makumbusho ya nyumba hizi.

Lugha haikuwa na bahati hiyo. Kipolabia, lugha ya Kislavi ya hapa, kilizungumzwa hadi karne ya 18. Mwanzoni mwa karne hiyo mchungaji wa Wustrow, Christian Hennig, aliona kinapotea akakusanya kamusi. Na mkulima mmoja wa kijiji cha Süthen, Johann Parum Schultze, aliyekuwa pia na baa, aliandika kumbukumbu za kijiji chake ndani yake akaweka orodha ya maneno. Alieleza kwamba yeye na watu wachache wakifa hakuna atakayejua mbwa anaitwaje kwa lugha hiyo. Ilikuwa kweli. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu Kipolabia imetoka kwa hao wawili na wachache wengine; mwanafunzi yeyote wa isimu aliyewahi kukutana na lugha ya kabila dogo inayozungumzwa na wazee peke yao atajua thamani ya daftari la Schultze.

Kisiasa eneo hili lilikuwa na vitemi viwili, Dannenberg na Lüchow, ambavyo mwanzoni mwa karne ya 14 vilimezwa na ukoo wa Welf, watawala wa Lüneburg. Kabla ya hapo Dannenberg ilikuwa imepata umaarufu wa ajabu: mfalme Valdemar II wa Denmark, aliyetekwa mwaka 1223, alifungwa kwenye ngome yake, na mnara uliobaki unaitwa kwa jina lake. Hitzacker ilipata umaarufu wa namna nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 17 aliishi hapo mtoto wa kitawala asiyetarajiwa kurithi chochote, August, akitumia wakati wake kununua vitabu. Alipokuja kurithi utawala wa Wolfenbüttel alihama navyo, na maktaba hiyo, Herzog August Bibliothek, bado ni miongoni mwa maktaba kuu za vitabu vya kale Ulaya. Ilianzia kwenye mji huu mdogo wa ukingoni mwa mto.

Baadaye eneo likawa sehemu ya dola ya Hannover, na mwaka 1866 dola ya Prussia ikaimeza Hannover yote. Hapo ndipo Landkreis ilipozaliwa. Prussia ilipenda mipangilio inayofanana, na mwaka 1885 iligawa jimbo lake jipya katika wilaya za kisasa. Zikazaliwa mbili hapa: Lüchow na Dannenberg. Mwaka 1932, katika msukosuko wa uchumi, ziliunganishwa kubana matumizi, jina likawa Dannenberg pekee. Watu wa Lüchow walisubiri hadi 1951 jina lao lirudi, tena likatangulia. Lakini namba za magari zilipewa herufi DAN, na ndiyo maana hadi leo mtu wa Lüchow huendesha gari lenye herufi za jirani yake.

Mwaka huo 1885 una maana nyingine kwetu. Februari 27 Kaiser Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Peters, ambaye bara walimwita Mkono wa Damu, alikuwa mtoto wa mchungaji aliyezaliwa mwaka 1856 Neuhaus, ng'ambo ya Elbe, jirani kabisa na Hitzacker. Kutokana na hilo kuna dhana inayorudiwa mara kwa mara, kwamba Wajerumani walituletea mfumo wao wa wilaya. Hawakuleta. Huko kwao wilaya mpya za 1885 zilikuwa na baraza la kuchaguliwa, hata kama utaratibu wake uliwapendelea wenye mali. Afrika Mashariki waliweka Bezirk: ofisa mmoja bomani akikusanya kodi, akihukumu na kuadhibu, chini yake maakida na majumbe, juu yake gavana, bila baraza la wenyeji la kumuuliza kitu. Walijua namna ya kutawala kwa kushauriana, kwetu hawakuitumia.

Uhusiano mwingine ni mwepesi zaidi. Claus von Amsberg, aliyekuja kuwa mume wa Malkia Beatrix wa Uholanzi na baba wa mfalme wa sasa, alizaliwa karibu na Hitzacker mwaka 1926. Miaka miwili baadaye familia yake ilihamia Tanganyika, ambako baba yake alisimamia shamba, na sehemu ya utoto na shule yake ilipita huko.

Magharibi iliyokuwa mashariki

Sasa tufike kwenye mpaka ulioipa wilaya hii sura iliyo nayo. Wengi wakisikia Ujerumani iliyogawanyika hufikiria Ukuta wa Berlin. Ukuta ule ulizunguka nusu ya mji mmoja. Mpaka wenyewe kati ya Ujerumani Magharibi na Mashariki ulikuwa mrefu wa takriban kilomita 1,400, ukipita mashambani, na ulianza kufungwa kwa nguvu mwaka 1952, miaka tisa kabla ya ukuta kujengwa.

Chukua ramani. Lüchow-Dannenberg inachomoza kuelekea mashariki. Mwaka 1945 ilikuwa mkononi mwa Waingereza, na majirani zake wa kaskazini, mashariki na kusini wakawa chini ya Wasovieti. Ghafla wilaya ikawa kama rasi: pande tatu waya na mito, upande mmoja tu wazi. Lüchow ilikuwa imezoea kufanya biashara na Salzwedel, mwendo mfupi kusini. Sasa Salzwedel ilikuwa nchi nyingine. Daraja la reli la Dömitz juu ya Elbe lilipigwa mabomu na ndege za Marekani Aprili 1945. Halikujengwa tena, na matao yake ya upande wa magharibi bado yamesimama, yakiishia hewani.

Mpaka wenyewe ulikuwa na mgogoro. Magharibi walisema Ujerumani Mashariki inaanzia ukingo wa pili wa Elbe. Mashariki walisema inaanzia katikati ya mto. Mwaka 1966 meli ya upimaji ya Magharibi ilisababisha boti za doria za pande zote kukabiliana karibu na Gorleben. Upande wa pili wakazi waliotiliwa shaka walihamishwa kwa lazima, na baadhi ya vijiji vilivyokaribia mno uzio vilibomolewa kabisa, Jahrsau kikiwa kimojawapo.

Serikali ya Ujerumani Magharibi, iliyokuwa Bonn, ililiita eneo la aina hii, ukanda wa upana wa kilomita 40 kando ya mpaka, eneo la pembezoni, ikalipa ruzuku ili viwanda visikimbie. Viwanda vichache vilikuja. Vijana wengi waliondoka. Baada ya vita wakimbizi kutoka mashariki walikuwa wameijaza wilaya, lakini miongo iliyofuata iliwatoa mmoja mmoja kwenda Hamburg na Hannover. Ndiyo maana siukubali usemi kwamba Wendland ni tupu kwa asili. Udongo wa mchanga ulichangia, ndiyo, lakini mkono mzito ulikuwa wa mpaka.

Utupu huohuo uliwavuta watu wa namna nyingine. Nyumba za wakulima zilikuwa za bei rahisi, na kuanzia miaka ya 1970 wasanii, mafundi na waliochoka na miji walizinunua. Kutoka kwao na majirani zao wakulima ilizaliwa mwaka 1989 Kulturelle Landpartie, ambapo kila mwaka, kati ya sikukuu ya Kupaa na Pentekoste, vijiji hufungua milango ya karakana na ghala kwa wageni.

Gorleben: kilichofukiwa na kisichofukiwa

Februari 22, 1977, waziri mkuu wa Niedersachsen, Ernst Albrecht, alitangaza kwamba kituo cha taifa cha taka za nyuklia kitajengwa Gorleben. Mpango ulikuwa mkubwa: kiwanda cha kuchakata upya fueli iliyotumika, maghala, na mwisho wa yote kaburi la kudumu ndani ya ile chumvi ya chini. Hoja rasmi ilikuwa chumvi, kwa kuwa haipitishi maji na hujifunga yenyewe ikipata nyufa. Hoja ambayo wenyeji waliisikia ni nyingine: mko wachache, ni maskini, mko mpakani, hamtapiga kelele.

Hapa ndipo unapoona mipaka ya uwezo wa Landkreis. Jambo la nyuklia ni la serikali ya shirikisho na jimbo. Kreistag ingeweza kujadili, kupiga kura, hata kukataa, na lisibadilike kitu. Lakini ardhi ina wenyewe, na mmiliki mkubwa wa misitu ya hapo, mwinyi wa ukoo wa Bernstorff, alikataa kuuza. Wakulima, wengi wao wapiga kura wa chama cha Albrecht mwenyewe, walijiunga na wanafunzi wenye nywele ndefu. Machi 1979 waliondoka na mamia ya matrekta kwenda Hannover. Wakiwa njiani ukatokea msiba wa mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Marekani, na walipofika Machi 31 walipokewa na umati wa watu wapatao 100,000. Mwezi Mei Albrecht alikiri kwamba kiwanda cha kuchakata hakiwezekani kisiasa. Mgodi wa kuchunguza chumvi na ghala vilibaki kwenye mpango.

Mwaka uliofuata, kuanzia Mei 3, wapinzani walikalia mahali pa kuchimba kisima namba 1004, wakajenga kijiji cha mbao na kukiita Jamhuri Huru ya Wendland, chenye redio na pasipoti zake. Gerhard Schröder, wakati huo kiongozi wa vijana wa chama cha SPD, alikitembelea. Miaka 18 baadaye akawa chansela. Jamhuri hiyo iliishi siku 33 tu, polisi wakaivunja Juni 4, 1980. Alama ya upinzani huo, X ya rangi ya njano, mbao mbili zilizopigiliwa ukutani au langoni, unaiona hadi leo.

Kuanzia 1995 hadi 2011 taka zilifika kwa misafara 13, zikiwa ndani ya makasha mazito yaitwayo Castor: kwa treni hadi Dannenberg, kisha kwa malori makubwa kilomita zipatazo ishirini hadi Gorleben, maelfu ya polisi wakiwatoa watu relini mmoja mmoja. Msafara wa mwisho ulichukua zaidi ya siku tano.

Dhana iliyoenea sana ni kwamba taka hizo zimezikwa ndani ya chumvi. Hakuna hata kasha moja lililoshuka chini. Makasha 113 yamesimama kwenye ghala juu ya ardhi, yakipozwa na hewa inayopita kwenye matundu ya kuta. Mgodi ulioko jirani ulichimbwa kwa uchunguzi tu, kwa gharama ya zaidi ya euro bilioni 1.5. Kisha Septemba 28, 2020, shirika la shirikisho linalotafuta mahali pa kaburi la kudumu lilitoa ripoti yake ya kwanza, na Gorleben haikuwamo kwenye orodha ya maeneo yanayofaa. Sababu haikuwa maandamano. Barafu za kale zilichimba mfereji mrefu juu ya nguzo ya chumvi na kuondoa sehemu ya udongo wa mfinyanzi uliopaswa kuifunika. Maji yana njia. Wanajiolojia kadhaa walikuwa wamelisema hilo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ghala lina kibali hadi 2034. Kaburi la kudumu linatafutwa kwingine, na shirika lenyewe limeshasema mahali pake hapatajulikana kabla ya 2046. Nani atakaa na makasha yale katikati ya miaka hiyo? Jibu la wazi ni kwamba yatabaki palepale, kwa kibali kipya.

Kwa anayekwenda kuishi huko

Mpaka ulipofunguliwa mwaka 1989, rasi iligeuka kuwa katikati ya nchi. Daraja jipya la barabara la Dömitz lilifunguliwa 1992. Kingo za Elbe, zilizobaki bila kuguswa kwa miongo minne kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuzisogelea, zimekuwa hifadhi. Mafuriko ya 2002 na 2006 yaliingia mji wa kale wa Hitzacker, ukajengwa ukuta, na ya 2011 na 2013 yakaishia nje. Watu lakini wameendelea kupungua na kuzeeka, ndiyo maana wauguzi wanahitajika, na ndiyo maana mazungumzo ya kuiunganisha wilaya na majirani zake yanaibuka kila baada ya muda. Jimbo jirani la Mecklenburg-Vorpommern lilifanya hivyo mwaka 2011, na Landkreis moja yake sasa ina karibu kilomita za mraba 5,500, zaidi ya mara mbili ya jimbo zima la Saarland. Watu wa Lüchow-Dannenberg huutaja mfano huo kwa hofu, na nadhani wana haki: ofisi ikihamia mbali, asiye na gari ndiye anayelipa.

Kuhusu ofisi, kosa la kawaida la mgeni ni kwenda ofisi isiyohusika. Anwani yako unaisajili kwenye Samtgemeinde, si kwenye Landkreis. Kibali cha kukaa unakifuata kwenye ofisi ya wageni ya Landkreis, Lüchow, na kama kazi yako iko Hitzacker hesabu safari ya basi, ambalo mara nyingi hufuata ratiba ya wanafunzi na wakati wa likizo huadimika. Leseni ya udereva ya Kenya au Tanzania inakubalika miezi sita tu tangu uhamie; baada ya hapo ni mitihani, na maombi yake hupokewa na Landkreis hiyohiyo. Kura ya Kreistag huwezi kupiga ukiwa na pasipoti ya Kenya au Tanzania, ingawa jirani yako kutoka Poland au Rumania anaweza, kwa kuwa ni raia wa Umoja wa Ulaya. Tangu Juni 2024 uraia wa Ujerumani unaweza kuombwa baada ya miaka mitano, bila kulazimishwa na Ujerumani kuacha ule wa kwanza. Kenya inaruhusu uraia pacha, Tanzania hairuhusu. Fomu zake nazo hupelekwa Landkreis.